Chati ya ukutani ya nyoka wa nchi za baridi: nunua, ila ziba mchoro mmoja

Chati hii inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule huku Ngamiani, Tanga, kwa shilingi 12,000. Ni karatasi ya A1 iliyopigwa plastiki. Kwa somo la baiolojia hela haipotei.

Kilichofanywa vizuri kuliko vyote ni mchoro wa Narcisse, Manitoba, Kanada. Nyoka gata wa ubavu mwekundu, makumi ya maelfu, hushuka kwenye nyufa za mawe ya chokaa hadi kina ambacho udongo hauwezi kuganda, wakalala humo msimu mzima wa baridi. Mwanafunzi aliyefika mapango ya Amboni ataelewa mara moja, maana mawe ni ya aina hiyo hiyo. Chati inaeleza pia kwamba theluji nene ni blanketi: ikiwa haba, baridi huzama ardhini na nyoka hufa wakiwa shimoni.

Kosa liko katikati, alipochorwa nyoka ndani ya pande la barafu, eti amelala. Huyo amekufa. Nyoka aliyelala anahitaji joto la nyuzi chache juu ya sifuri. Akiganda kwa siku kadhaa haamki tena. Bandika karatasi nyeupe hapo, uchore shimo lenye mstari wa udongo ulioganda juu na nyoka chini yake.

Kuhusu kuzaa, chati imemweka Vipera berus, nyoka wa sumu wa Ulaya, anayefika hata kaskazini ya Duara la Aktiki. Hazai mayai, mama huota jua huku wana wakiwa tumboni, kwani mayai yangekufa kwenye udongo baridi. (Kifutu wetu naye huzaa wana hai, wala hana shida ya baridi, kwa hiyo usimwambie mtoto kwamba baridi ndiyo sababu pekee.) Aliyesahauliwa ni Natrix natrix, nyoka mwingine wa Ulaya. Huyu hutaga hata huko Sweden, ndani ya lundo la samadi, na joto la uozo ndilo linaloatamia.

Unyevu wa bahari hubandua plastiki kuanzia pembeni. Zungushia tepu pana kingo zote nne, tia fito juu na chini, utundike ukuta usiopigwa na jua. Wino mwekundu huwahi kupauka.

Ikunjue dukani kabla ya kulipa. Nakala nyingine zimekatwa ukingo wa chini, na ramani iko hapo.