Nimemaliza kozi ya wiki 8 ya uzingativu, na simu bado inanishtua

Kazi yangu ni kupokea simu za watu wenye hasira. Huu mwaka wa 9. Anayepiga kitengo cha malalamiko hapigi kunijulia hali, na mwili wangu ulishalijua hilo zamani: simu ikilia mabega yanapanda, moyo unakwenda mbio, nami nasema "karibu, nikusaidie nini?" kwa sauti tamu huku kwapa zinatiririka. Ilipofika mahali hata simu ya dada yangu siku ya mapumziko inanifanya vivyo hivyo, nikaenda kwa daktari. Akanipima, akasema moyo hauna tatizo, nitafute namna ya kuutuliza mfumo wa neva. Ndipo nikajiandikisha kwenye kozi hii ya mtandaoni ya uzingativu, yaani kuuangalia mwili na pumzi kwa makini bila kuhukumu. Jina lake silitaji, maana baadhi ya nitakayoyasema si mazuri, na mwalimu mwenyewe alinitendea wema.

Kozi imejengwa juu ya MBSR, mpango wa kupunguza msongo wa mawazo kwa uzingativu, ule aliouanzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Kabat-Zinn alikuwa amejifunza Zen, tawi la Ubuddha, ila akayavua mafundisho hayo vazi la dini ili wagonjwa na madaktari wasiyaogope. Darasa ni saa 2 na nusu kila wiki, kuna siku nzima ya ukimya kati ya wiki ya 6 na ya 7, na mazoezi ya nyumbani ni dakika 45, siku 6 kwa wiki. Hizo dakika 45 zisome tena kabla hujalipa. Tangazo lao halikuzigusa kabisa, lilisema tu utapata utulivu ndani ya siku 7. Siku ya 7 mimi nilikuwa na ganzi ya mguu na hasira.

Wiki ya kwanza unapewa zabibu kavu moja uitazame, uinuse, uisikilize, kisha uile polepole. Nilijiona mjinga, nikaimeza. Tupite.

Kilichonishika ni zoezi la kuupitia mwili. Unalala chali, sauti iliyorekodiwa inakupeleka kuanzia vidole vya mguu wa kushoto, unyayo, kisigino, hivyo hivyo hadi utosini, na kila mahali huambiwi ulegeze kitu, unaambiwa uone tu kuna nini. Siku tatu za mwanzo nililala usingizi kabla ya kufika gotini. Siku ya nne nilifika tumboni, nikalikuta limekaza kama ngozi ya ngoma, na wala sikumbuki nililikaza lini. Kesho yake kazini nikaanza kujichunguza, nikagundua jambo ambalo kwa miaka yote hiyo sikulijua: simu ikilia, huwa naacha kupumua. Navuta pumzi, naishikilia, naongea na mteja kwa hewa ya juujuu, na naishusha yote mteja akishakata.

Hapo ndipo maelezo ya mwalimu kuhusu neva yalipoingia akilini. Sehemu ya mfumo wa neva inayojiendesha yenyewe ina pande mbili. Upande mmoja huuandaa mwili kupigana au kukimbia, na adrenalini ni mjumbe wake. Wa pili huurudisha mwili kwenye mapumziko, na njia yake kuu ni neva ya vagasi, itokayo kwenye ubongo ikashuka shingoni hadi moyoni na tumboni. Ukivuta pumzi mapigo ya moyo huharakisha kidogo, ukiitoa hupungua. Sasa mimi nilikuwa naishikilia mlangoni, zamu nzima.

Wiki ya 2 ikataka kunitoa kwenye kozi. Tulifundishwa kuhesabu: vuta hadi 4, toa hadi 6. Wenzangu kwenye vioo vyao walionekana wamepoa kama maji ya mtungini. Mimi kila nilivyoihesabu pumzi ndivyo nilivyoona haitoshi, nikawa navuta kubwa zaidi, na zaidi, mpaka vidole vikaanza kuchomachoma, midomo ikafa ganzi, kichwa kikazunguka. Ukipumua kupita kiasi unaondoa kaboni dioksidi nyingi mno mwilini, na dalili zake ndizo hizo, ila wakati ule nilijua nakufa. Nikawasha kipaza sauti nikasema, "Mwalimu, mimi siwezi."

Akajibu bila haraka, "Fungua macho, dada yangu. Pumzi iache, inajua njia. Nyayo zako ziko wapi?"

Zilikuwa sakafuni. Sakafu ilikuwa baridi, kisigino cha kulia kimekanyaga ukingo wa zulia. Nikakaa na ule ukingo wa zulia hadi darasa likaisha, na hakuna aliyeniuliza kitu. Kwa hilo peke yake nawapa nyota mbili. Wapo walimu ambao wangeniambia niendelee tu, itapita.

Baadaye, wiki ya 5, tulipogusa mafundisho ya Kibuddha yenyewe, nikapata hoja ya kuwarudishia. Sutta ya Anapanasati, mafundisho ya Buddha juu ya kuizingatia pumzi, ina hatua 16. Ya kwanza ni kujua kwamba pumzi ni ndefu inapokuwa ndefu, ya pili kujua kwamba ni fupi inapokuwa fupi, ya tatu kuuhisi mwili wote. Kuutuliza mwili kunakuja hatua ya 4. Kozi ilitutanguliza huko kwenye kutuliza kabla hatujaruhusiwa kuwa na pumzi fupi! Nilimwandikia mwalimu, akakiri kuwa hesabu ile ya 4 na 6 ameichukua kwingine. Inawafaa wengi, sibishi. Ila ni amri, na mimi amri nazipata za kutosha kazini.

Neno lenyewe la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, ni sati, tunaloliita uzingativu, asili yake ni kukumbuka. Hilo nalielewa kuliko "kuishi katika sasa" kunakosemwa kila mahali. Simu inalia, nakumbuka nyayo. Basi.

Na wiki hiyo hiyo kuna mfano wa mishale miwili: anayepatwa na maumivu amechomwa mshale mmoja, akianza kuyalilia na kuyapinga anachomwa wa pili. Wa kwangu wa pili ulikuwa kujilaumu kwa kushtuka, mtu mzima mimi.

Sikuulizwa dini yangu, wala hakuna nilichotakiwa kukiamini. Na kama una wasiwasi mkubwa, kuna utafiti uliotoka mwaka 2022 kwenye jarida la JAMA Psychiatry: watu 276 wenye maradhi ya wasiwasi waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa MBSR, wengine dawa ya wasiwasi iitwayo escitalopram, na baada ya wiki 8 pande zote mbili zilipata nafuu inayokaribiana. Dawa yako usiitupe kwa sababu yangu, kamuulize aliyekuandikia.

Kero moja ya mwisho. Programu yao ya simu ina kengele inayolia ghafla mara kadhaa kwa siku kukukumbusha utulie. Aliyeibuni hajawahi kushtuka maishani mwake. Niliizima wiki ya 2.

Jumla nyota tatu na nusu. Ukitaka kujiandikisha, kwao au popote, mwandikie kwanza mwalimu umuulize atafanya nini pumzi ikikutisha. Jibu lake litakuambia kama ulipe.

Juzi, wiki tatu baada ya kumaliza, mteja mmoja alianza kunitukana kabla sijamaliza salamu. Mabega yalipanda, moyo ukaondoka, yote kama kawaida. Nikazitafuta nyayo, nikazikuta ndani ya viatu, kidole kidogo cha kushoto kimebanwa. Yeye akiendelea kufoka, mimi nikavua kile kiatu chini ya meza, nikatoa pumzi, nikamuomba namba ya risiti.