Nimeipima Kamusi Inayokuja na Lenzi Yake

Haya jamani, karibuni. Niko hapahapa Tanga, Ngamiani, na hiyo kelele ni feni, mnivumilie. Dude hili mezani ni Oxford English Dictionary, toleo la pili la mwaka 1989. Lenyewe hasa ni juzuu 20, kurasa 21,730. Hili langu, la mtumba, lilitoka 1991: kurasa tisa zimepunguzwa zikabanwa kwenye ukurasa mmoja, kamusi nzima ikaingia jalada moja. Ngoja nisogeze kamera. Mmeona? Sisimizi watupu! Ndiyo maana ya lenzi hii.

Mtaniuliza, si simu ipo? Ipo, lakini simu hukujibu ulichouliza, basi. Humu nilikuwa natafuta "gong", jicho likateleza chini, likanasa "gongoozler": mtu asiye na shughuli, anayekaa kando ya mfereji wa mashua akikodolea vyombo vinavyopita. Uingereza wana mifereji mingi iliyochimbwa kwa ajili ya mizigo, na watu wa namna hiyo wakapewa jina lao. Sasa nendeni Bustani ya Jamhuri jioni, muone tulivyojaa tukitazama meli bandarini. Kumbe tuna cheo!

Lakini kipenzi changu kiko kwenye U. "Ultracrepidarian" ni yule anayehukumu mambo asiyoyajua, na kwenye vijiwe vya kahawa sitaji mtu. Asili yake ni methali ya Kilatini inayomwonya fundi viatu asikosoe zaidi ya kiatu. Mwaka 1819 mwandishi William Hazlitt alimtupia neno hilo mhakiki William Gifford, na Gifford huyo ujanani aliwahi kuwa mwanagenzi wa fundi viatu! Hicho ni kijembe cha kwenye kanga kabisa.

Utamu wa kamusi hii ndio huo: neno linakuja na mifano ya maandishi, kila mfano na mwaka wake, unaona nani alilitumia lini. Mifano mingi ililetwa na watu wa kujitolea. Mmoja wao, W. C. Minor, daktari wa jeshi la Marekani, alituma maelfu akiwa amefungiwa Broadmoor, hospitali ya wagonjwa wa akili, baada ya kuua mtu.

Kasoro? Macho yanachoka upesi, kulipakata huwezi, na maneno ya mitandao ya leo hayamo. Mwanafunzi wa sekondari asihangaike nalo, atafute kamusi ya wanaojifunza lugha. Na kwa unyevu wetu huu wa pwani, usiliegemeze ukutani, litaota ukungu.

Ukilikuta kwa muuza vitabu vya mtumba, usianze na bei. Ulizia lenzi kwanza. Kama imepotea, mshushe bei mpaka ibaki hela ya kununulia nyingine.