Priampu yenye nobu nyekundu: miaka miwili chumbani kwangu

Nianze na moshi, maana ndiko ilikoanzia. Priampu yangu (kifaa cha kukuza sauti ndogo ya maiki kabla haijarekodiwa), Golden Age Project PRE-73, niliinunua mkononi kwa laki saba kutoka kwa jamaa aliyekuwa anafunga studio. Ilikuja na adapta ya soko la Marekani, yaani ya volti 120. Muuzaji hakunitajia, na mimi kwa kiherehere changu sikusoma kibandiko. Nikaichomeka ukutani saa nne usiku. Ukapita mvumo mfupi kama wa nyuki ndani ya kopo, kisha harufu ya vanishi iliyoungua ikatanda chumba kizima. Mke wangu akauliza kutoka sebuleni, "Umeunguza nini tena?"

Bahati yangu, kilichokufa ni adapta peke yake. Kesho yake nikaenda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa mzee mmoja anayesuka transfoma, nikamkuta na koili ya feni mapajani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Nataka unisukie transfoma, itoe ishirini na nne."

"AC au DC?"

Nikasita. Akaichukua ile adapta iliyoungua, akaielekeza kwenye mwanga, akasoma mwenyewe. "Hii ni AC, mwanangu. Ungekwenda dukani wangekupa DC, ukarudi hapa unalia."

Nalisema hili mapema kwa wanaoitafuta mkononi: inakula volti 24 za AC, umeme wa kugeukageuka kama wa ukutani, na adapta nyingi zilizozagaa madukani ni za DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri. Mzee alinisukia kwa siku mbili, elfu thelathini, akaifungia ndani ya boksi la bati. Ni nzito kama nusu tofali na ndiyo ninayotumia mpaka leo.

Sasa, kwa nini nihangaike na priampu ya nje wakati saundi kadi yangu, kiboksi kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, ina zake mbili? Sababu ya kwanza ni nguvu. Narekodi waimbaji kwa maiki ya dainamiki, Shure SM7B, kwa kuwa ninapofanyia kazi ni chumba cha kulala tu: kabati la nguo, godoro moja limesimamishwa ukutani, na kuku wa jirani chini ya dirisha. Maiki ya kondensa, inayonasa hata minong'ono, ingewarekodi kuku kwanza, mwimbaji baadaye. SM7B inavumilia chumba kibovu, ila inachotoa kwenye waya ni kidogo mno. Inadai gein, yaani kiasi cha kukuzwa, ya desibeli 60 hivi, na saundi kadi yangu inaishia 56. Kwa vijana wanaochana kwa kupaza sauti hakuna tatizo. Akija msomaji kaswida mwenye sauti ya upole, nobu inafika mwisho, na ile "shhhh" inaanza kusikika nyuma ya kila neno. PRE-73 inafika 80. Lakini kama shida yako ni hiyo tu, hela yako itunze: kikuzio kidogo kama Cloudlifter kinaongeza desibeli 25 kwa kutumia zile volti 48 ambazo saundi kadi hupeleka kwenye maiki, na mambo yameisha.

Sababu ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi: rangi. Ile hali ya sauti kutoka kwenye spika ikiwa na nyama, ikakaa mbele ya midundo bila wewe kuisukuma.

Priampu zote zenye 73 kwenye jina zimeiga Neve 1073, moduli (kipande cha meza ya kuchanganyia sauti) aliyoibuni Mwingereza Rupert Neve mwaka 1970 kwa ajili ya studio ya Wessex, London. Moduli halisi za enzi hizo sasa zinauzwa maelfu ya dola, yaani ni habari za watu wengine. Neve alifariki mwaka 2021, lakini ramani ya saketi yake inaendelea kunakiliwa, na hawa Golden Age, kampuni ya Sweden, ni miongoni mwa waliofanya iwezekane kwa mtu wa kipato changu. Ndani, sauti haipiti kwenye chipu hata moja. Inapita kwenye transista mojamoja, na transfoma mbili, ya kuingilia na ya kutokea.

Na rangi yenyewe ni nini? Kwa kifupi ni makosa. Makosa mazuri. Mtu akiimba noti ya A ya hezi 220, yaani mitetemo 220 kwa sekunde, saketi safi inakuza kile ilichopewa, basi. Saketi yenye rangi inachomeka vidogo vya kwake: 440, 660 na kuendelea. Hiyo 440 ni A ileile, oktava moja juu, kwa hiyo sikio halishtuki, linaona tu sauti imeshiba. 660 ni E, nayo inaleta makali kidogo, ikizidi inakwaruza. Transfoma nayo ina ulevi wake. Chuma chake kinaanza kushiba sumaku kwenye masafa ya chini kabla ya ya juu, ndiyo maana kifua cha mwimbaji kinanenepa huku "s" zake zikibaki safi. Hapo mtu akiniambia "joto", namwelewa. Kabla ya kujua haya nilidhani ni maneno ya wauza vifaa.

Kuna koo nyingine za priampu. Za kampuni ya API ya Marekani, zenye kile kikuzio chao cha 2520, husifiwa kwa ngoma na gitaa kwa sababu zinapiga mbele, hazizembei. Za vali, zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista, zinamrudia fundi wa sauti Bill Putnam na ile priampu yake ya 610 ya mwaka 1960. Sijawahi kumiliki yoyote kati ya hizo, kwa hiyo naishia hapo. Nilichowahi kumiliki ni kiboksi cha bei rahisi kilichojinadi kuwa cha vali. Kweli vali imo, lakini inalishwa volti kidogo wakati vali ya namna ile huhitaji mamia ili ichangamke, na ule mwanga wa chungwa unaouona dirishani ni taa ya LED iliyobandikwa nyuma yake! Nilimgawia mdogo wangu anakuzia besi gitaa, wanaelewana vizuri.

Turudi kwenye nobu nyekundu, ile ya gein. Inazunguka kwa mikato, kila mkato desibeli 5, unasikia "tak, tak" kama swichi ya feni ya zamani. Kando yake kuna nobu nyingine inayopunguza kinachotoka. Ukishaelewa uhusiano wa hizo mbili, umeelewa kifaa chote. Mimi nilichukua karibu mwezi mzima.

Sehemu ya mwezi huo ni aibu tupu. Nilitoa waya wa XLR, ule wa pini tatu wa maiki, kwenye priampu nikauchomeka kwenye mlango wa maiki wa saundi kadi, maana tundu lilikuwa linaingia na sikuona kwa nini nisiingize. Maana yake nilikuwa napitisha sauti kwenye priampu mbili, ya pili ikipokea mafuriko kutoka ya kwanza. Kila kitu kilichanika. Nikaanza kumlaumu mzee wa Gerezani na transfoma yake, masikini. Kumbe dawa ni waya wa jeki ya TRS, ile ya pini moja nene, kuingia kwenye laini, yaani mlango wa sauti iliyokwisha kukuzwa, na nobu ya saundi kadi iteremshwe mpaka chini kabisa. Saundi kadi nyingi za nyumbani hata hiyo laini inapita kwenye kikuzio chake cha ndani, huwezi kukikwepa kabisa, ila ukikiacha chini hakikusumbui.

Baada ya hapo nikafanya jaribio. Maiki ileile, shubiri moja kutoka mdomoni, ubeti mmoja, mwimbaji kijana wa mtaani mwenye sauti nyembamba. Mara ya kwanza kupitia saundi kadi, mara ya pili kupitia PRE-73 nikiwa nimeitumia kistaarabu, gein ya kutosha tu. Nikasawazisha ukubwa wa sauti kwenye programu, kwa sababu kinachosikika kwa nguvu zaidi hushinda kila shindano hata kama ni kibaya. Kisha nikamketisha mke wangu na hedifoni, mgongo kwa skrini, nikamchezea mara kumi kwa kuchanganya. Akapatia tano. Hiyo ni sawa na kurusha shilingi.

Nilikasirika, sitaficha. Laki saba na thelathini!

Wiki iliyofuata nikarudia, safari hii nobu nyekundu nikaipandisha mikato mitatu zaidi, na ile ya kutolea nikaishusha mpaka mita ya kwenye kompyuta ikarudi palepale. Taa nyekundu ya priampu ikawa inapepesa kwenye maneno ya nguvu. Mke wangu akapatia tisa kati ya kumi. Akasema, "Hii kama amesogea karibu." Hakujua hata tunapima nini.

Tangu siku hiyo nikisoma mtu anasifu priampu yenye rangi bila kusema aliisukuma kiasi gani, naruka mstari. Ikiwa imetulia, hii kitu haina tofauti kubwa na ya kawaida. Rangi yake inaanza inapotoka jasho. Na ukirekodi hivyo hakuna kurudi nyuma: iliyoshaingia imeingia. Plagini, programu ya kompyuta inayoiga rangi hiyo, unaweza kuizima kesho ukijuta, hii huwezi.

Tofauti inakua zaidi kwenye tabaka. Kwenye kibwagizo kimoja tulipanga sauti kumi na mbili za kuitikia, zote kupitia nobu nyekundu iliyosukumwa. Mbili za kwanza ni tamu. Nne, tamu sana. Zilipofika kumi na mbili pakawa na tope huku kati, karibu hezi 300, nikatumia jioni nzima kulikwangua kwa ikwalaiza. Siku hizi sauti kuu inapita kwenye PRE-73, waitikiaji wanapita kwenye saundi kadi moja kwa moja, na wanakaa nyuma wenyewe bila kuambiwa.

Aliyenufaika kuliko wote ni shangazi yangu. Enzi zake aliimba taarab kwenye harusi, sauti ya puani, kali, inayokata. Kwenye saundi kadi ilikuwa inachoma sikio. Nilipomchezea rekodi mbili akasikiliza kwa makini, mkono kidevuni. "Ile ya kwanza," akasema, "ni mimi nina mafua. Hii ya pili ndiyo mimi." Sikubishana naye, ingawa kwa kipimo cha maabara ile ya kwanza ndiyo ilikuwa ya kweli zaidi.

Udi ukanipa jibu tofauti. Nyuzi zake za chini zina unene wa kutosha tayari, na mbao yake inaongea palepale penye tope. PRE-73 iliufanya usikike kama umefungwa ndani ya sanduku. Nilijaribu kupunguza gein, nikabadilisha maiki, wapi. Rafiki akaniazima Focusrite ISA One kwa wiki mbili. Hii nayo chanzo chake ni Rupert Neve yuleyule: ISA 110 aliitengeneza mwaka 1985 kwa studio za AIR za George Martin, mtayarishaji wa Beatles, miaka kumi na mitano baada ya 1073. Ina transfoma pia, lakini ina adabu, inapitisha vidole na kikwaru cha kupigia nyuzi bila kuongeza mafuta. Kilichonifurahisha zaidi ni swichi ya impidansi (ukinzani ambao maiki inakutana nao inapoingia) yenye hatua nne, kutoka omu 600 mpaka 6800. Kwenye maiki ya dainamiki, kila hatua ni kama umebadilisha maiki: huku juu inafunguka, huku chini inajikunja. PRE-73 inazo mbili tu, 1200 na 300, na hiyo 300 naitumia kwa maiki ya SM57 ninapotaka gitaa lizibe kidogo.

Kama ningeulizwa nibaki na moja, na kazi yangu ingekuwa udi, kanuni, fidla, ningeuza nobu nyekundu kesho asubuhi. Kazi yangu kubwa ni sauti za watu, tena nyingi nyembamba, kwa hiyo inabaki. Na kama bado huna godoro ukutani wala stendi ya maiki isiyoyumba, laki saba peleka huko kwanza. Mimi nilianza na priampu, ikawa inanikuzia mwangwi wa kabati kwa rangi nzuri kabisa.

Jambo moja la kiufundi lililobaki, kwa atakayesukiwa transfoma kama mimi. Mwanzoni niliiweka juu ya priampu ili kuokoa nafasi mezani, nikapata mvumo wa hezi 50 ambao haukuondoka kwa waya wowote. Nikabadilisha soketi, nikazima feni, nikazima mpaka friji ya mke wangu, maziwa yakaharibika. Mwishowe nikairudia kwa mzee Gerezani. Hakuifungua. Akaniuliza imekaa wapi, nikamwambia. Akacheka mpaka akashika tumbo. "Sumaku mbili umezilaza kitanda kimoja, unataka zisiongee?" Nikaishusha chini ya meza, hatua moja na nusu kutoka kwenye priampu. Kimya.