Wiki moja Mitsamiouli, kisiwani Ngazija, Komoro: uzoefu wangu mimi mtu wa Kigoma

Chumba nilikiweka oda wiki tatu kabla sijatoka Kigoma. Faranga za Komoro 15,000 kwa usiku, mazungumzo yote kwa WhatsApp, hadi picha ya kitanda chenye chandarua nikatumiwa. Nilipofika mlangoni na begi langu na mfuko wa dagaa unaonukia njia nzima, kijana wa mapokezi akanitazama kama mtu aliyepotea nyumba. Chumba kina watu. Familia imetoka Marseille kuja harusini, akasema, wageni wa heshima, kwani wewe hukuambiwa?

Sikuambiwa. Basi ninyi nawaambia: ukienda Ngazija Julai au Agosti umeingia msimu wa anda, ile harusi kuu ambayo mwanamume wa kule asipoifanya hahesabiwi mtu kamili barazani, hata awe na mvi kichwa kizima. Wakomoro wanaoishi Ufaransa wanarudi kwa wingi, ndege zinajaa, na bei zinapanda. Nyumba ile ya wageni naipa nyota moja, na hiyo moja ni ya yule kijana, maana aliona aibu akanibebea begi mwenyewe mpaka kwa bibi yake, vichochoro viwili nyuma ya msikiti. Kwa bibi huyo ndiko nilikolala siku zote saba.

Safari yenyewe sina mengi ya kusema. Basi hadi Dodoma, treni ya umeme hadi Dar, ndege hadi Hahaya kwa muda usiofika saa mbili. Uwanja wa Hahaya uko kaskazini ya Moroni, mji mkuu, na Mitsamiouli iko kaskazini zaidi, kwa hiyo ukitoka usikubali kupelekwa mjini kwanza halafu urudishwe njia ile ile. Panda taksi za kuchangia zinazoelekea juu. Barabara inapita kando ya mawe meusi ya volkano yaliyoganda yakielekea baharini, utadhani mtu alimwaga lami akasahau kuisawazisha. Beba yuro taslimu. Faranga yao imefungwa kwenye yuro, 491.97 kwa yuro moja, hivyo hesabu ni rahisi. Kadi ya benki niliitoa mara moja tu, mwenye duka akaisifia rangi.

Sasa lugha. Sisi huwa tunasema Kingazija ni ndugu wa Kiswahili, tutaelewana tu. Ni ndugu kweli, ila ndugu wa kuvizia. Nilimwamkia bibi: "Shikamoo." Akacheka. Mjukuu akaninong'oneza, mwambie "Kwezi". Nikasema, "Kwezi, bibi." Akajibu, "Mbona." Mimi nikaanza kujieleza: mbona nimekuja, mbona sina chumba, mbona sina mke pembeni. Kumbe "mbona" ndilo jibu la salamu, amemaliza, anasubiri nikae. Nikamkabidhi dagaa wangu kilo mbili wa Kibirizi, akasema "Marahaba", nami nikadhani shikamoo yangu ndiyo kwanza inapokelewa. Marahaba kwao ni asante. Kuanzia hapo nilimwita Koko kama wanavyomwita wajukuu, na mambo yakanyooka.

Nililolifuata ni bahari na volkano, lakini nililorudi nalo ni habari ya maji. Mimi nimekulia Ujiji. Ukizaliwa pale maji huyafikirii, ziwa liko mbele yako, kina chake mita 1,470, unachota, unafua, unaoga, unarudi kesho liko vile vile. Ngazija imezungukwa na bahari na haina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mvua inanyesha sana, lakini jiwe la volkano lina vitundu kama mkate wa kumimina. Maji yakianguka yanazama moja kwa moja. Kwa hiyo nyumba nyingi zina birika la saruji la kukingia mvua ya paa, na Agosti ni kiangazi.

Asubuhi ya kwanza Koko alinipeleka uani. Akaondoa kifuniko cha bati kilichowekewa jiwe, akashusha dumu lililokatwa juu, limefungwa kamba. Nikasikiliza. Kamba ilikwenda, ikaenda, ndipo "chubwi" ikasikika chini kabisa. Akavuta, akamimina kwenye ndoo mpaka kwenye alama aliyokuwa ameichora kwa mkaa ndani yake, kiasi cha shubiri moja na nusu. "Hayo yako," akasema kwa ishara. Ya kuoga, ya kunawa, ya kila kitu mpaka jioni. Siku ya kwanza yaliniishia na sabuni ikiwa bado masikioni. Siku ya tatu nilikuwa nabakisha ya kumwagilia mpapai wake.

Mjukuu wake alinieleza kwamba Novemba 2005, mlima Karthala ulipolipuka, majivu yaliingia kwenye mabirika na watu wakabaki na matope ya kijivu wakati wa kiu. Karthala una mita 2,361 na bado uko hai. Mara ya mwisho kulipuka ilikuwa 2007. Sikuupanda. Unahitaji kiongozi na miguu ya maana, na mimi goti langu tunaheshimiana.

Nilikokwenda ni Lac Salé, ziwa la chumvi lililo ndani ya shimo la volkano, karibu na kijiji cha Bangoi Kouni, mwendo mfupi wa taksi. Unasimama ukingoni, chini kuna maji ya kijani yametulia, na ng'ambo ya ukuta mwembamba wa ardhi ni bahari ya buluu inayopiga kelele. Dereva alinisimulia: hapo palikuwa kijiji. Alikuja mgeni mwenye kiu, akaomba maji nyumba hadi nyumba, akanyimwa, naye akakizamisha kijiji chote. Nikakumbuka ile alama ya mkaa kwenye ndoo, nikanyamaza njia nzima ya kurudi.

Ufukwe wa Mitsamiouli ni mweupe na safi, na jioni vijana wanacheza mpira maji yakishapwa. Ile hoteli kubwa ya Galawa iliyokuwa ikileta watalii ilifungwa miaka mingi iliyopita, kwa hiyo usitegemee vitanda vya jua. Mzee mmoja mvuvi alininyooshea kidole baharini mahali ilipoanguka ndege iliyotekwa Novemba 1996, ikiwa imeishiwa mafuta. Walikuwamo watu 175, wakafa 125. Wenyeji waliingia majini kuokoa, alisema, kisha akarudi kushona nyavu zake.

Chakula ni nyota tano bila ubishi. Mataba ni sombe yetu kabisa, yaani kisamvu, ila badala ya mawese wanatia tui zito la nazi, na mtu wa Kigoma anaweza kukataa mpaka aonje. Mtsolola, ndizi mbichi na samaki ndani ya tui, nilirudia sahani siku nne mfululizo. Harufu ya maua ya langilangi ikipita dirishani usiku ni kitu kingine. Umeme ulikatika kila siku, sikuujali.

Na dagaa? Nilikuwa naogopa, kumpelekea samaki mtu wa baharini ni kama kupeleka mchele Mbeya. Koko aliwakaanga kwa kitunguu, akaonja mmoja, akaita jirani, jirani akamwita dada yake. Kila mmoja aliuliza kama kweli bahari yetu haina chumvi. Nikawaeleza karabai zinavyowaka ziwani usiku wa giza, mamia, kama mji umeelea. Hawakuniamini, ila sahani ilirudi tupu.

Kwa jumla naipa safari hii nyota nne. Ningelala pale nilipoweka oda ningeipa mbili. Nitarudi Novemba, mvua zikianza na watu wa Marseille wakiwa wamekwenda zao. Koko ameshatuma ujumbe wa sauti kupitia mjukuu wake: safari hii nisilete kilo mbili, nilete tano, na wawe wale wale wadogo.