Studio ya nyumbani: nini ununue kwanza na nini kisubiri

Mtu akiamua kurekodi nyimbo zake nyumbani, swali lake la kwanza huwa ni anunue maiki gani. Mimi ningemwomba kwanza asimame katikati ya chumba chake, apige kofi moja kali, kisha anyamaze na kusikiliza. Ukisikia mlio mfupi unaotetemeka baada ya kofi, kama bati lililoguswa, basi ujue mlio huo utaingia katika kila sauti utakayorekodi humo, na hakuna programu itakayoutoa bila kuharibu na sauti yenyewe. Maiki nzuri hainasi uimbaji wako tu. Inanasa na chumba chako.

Nalisema hili kwa sababu limenigharimu. Maiki yangu ya kwanza ilikuwa ya kondensa, yaani ile nyeti inayohitaji umeme ili ifanye kazi, yenye kiwambo kikubwa, ya aina ile unayoiona studioni. Niliirekodia usiku, nyumba imetulia, na niliposikiliza nikasikia saa ya ukutani, friji iliyokuwa chumba cha pili, na kiti kikilia kila nilipovuta pumzi. Kwa wiki kadhaa niliamini nimeuziwa kitu kibovu. Maiki ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inanipa kila kilichokuwamo chumbani.

Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kufuata chumba. Nimemfikiria mtu anayeimba na kupiga ala moja au mbili kwa mapenzi yake, anarekodi peke yake, katika chumba hichohicho anacholala au kukaa. Mwenye bendi nzima na ngoma za kurekodi kwa pamoja ana mahitaji mengine.

Kwanza kabisa: hedifoni

Wengi huziweka mwisho, eti za simu zinatosha. Hazitoshi. Za simu huongeza besi ili muziki upendeze, na wewe unahitaji kusikia kasoro. Halafu zile za Bluetooth huchelewesha sauti kiasi cha kukufanya uimbe nyuma ya mdundo. Chukua za waya, zinazofunika sikio lote na zilizofungwa kwa nje, ili mdundo usivuje na kuingia kwenye maiki unapoimba.

Chaguo langu la kwanza ni Sony MDR-7506. Zimekuwapo tangu 1991 na bado zimo kwenye studio nyingi za redio na filamu, kwa sababu zinakuonyesha "s" kali, mate mdomoni na mkwaruzo wa kidole kwenye uzi wa gitaa. Ubaya wake ni waya uliojisokota usiochomoka, na vile vifuniko vya sikio huanza kubanduka ngozi baada ya muda. Vifuniko hivyo hubadilishwa kwa urahisi.

Pili naweka Beyerdynamic DT 770 Pro. Kwa anayekaa nazo saa tatu au nne, hizi ndizo zinazoniuma sikio kidogo kuliko zote. Ziko za omu 32, 80 na 250; omu ni kipimo cha ukinzani, na zikizidi hedifoni hutaka nguvu zaidi. Ukichukua za 250 na kadi yako ya sauti (nitaieleza hapo chini) ni dhaifu, utajikuta umefungua sauti hadi mwisho na bado ni ndogo, kwa hiyo za 80 ndizo salama zaidi. Audio-Technica ATH-M50x naziweka ya tatu. Ni imara na waya wake unachomoka, ila besi yake ni nene kidogo, na mtu asiyezizoea huishia kupunguza besi kwenye wimbo ambao haukuwa na tatizo.

Pili: kadi ya sauti

Hiki ndicho kisanduku kinachoipokea sauti ya maiki au gitaa na kuipeleka kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Wengine hukiita intafesi. Watengenezaji hutangaza kHz 192, yaani sauti hupimwa mara elfu 192 kwa sekunde, kwa herufi kubwa, lakini hicho kisikuhangaishe: biti 24 (usahihi wa kila kipimo) na kHz 48 zinatosha kwa kazi yoyote utakayoifanya nyumbani. Uliza mambo mengine. Je, ina tundu la XLR, lile la pini tatu la maiki, na umeme wa volti 48 kwa maiki za kondensa? Ina tundu la gitaa linalopokea ala moja kwa moja? Ina kitufe cha kukuwezesha kujisikia papo hapo kabla sauti haijapita kwenye kompyuta?

Swali hilo la mwisho ndilo litakaloamua kama utafurahia kurekodi au la. Sauti ikipita kwenye kompyuta inachelewa kulingana na ukubwa wa bafa, yaani fungu la vipimo vya sauti (sampuli) ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulishughulikia. Kwa kHz 48, bafa ya sampuli 128 ni kama milisekunde 2.7 kila upande, na humwathiri mwimbaji kidogo sana. Bafa ya 1024 ni kama milisekunde 21 kila upande, na hapo utasikia mwangwi wako mwenyewe masikioni na utaanza kuburuta maneno. Kwenye kompyuta dhaifu hutaweza kushuka hadi 128 bila sauti kukatikakatika, na hapo kitufe cha kujisikia papo hapo ndicho mkombozi.

Kwa mpangilio wangu, Focusrite Scarlett 2i2 ndiyo ya kwanza. Matundu mawili yanakuruhusu kuimba huku ukipiga gitaa, na duara linalozunguka kitufe cha geini (kiasi cha kukuza sauti ya maiki) huwaka kijani, kisha rangi ya machungwa, kisha jekundu sauti inapozidi. Anayeanza hahitaji kusoma kitabu kulielewa hilo. MOTU M2 naiweka ya pili kwa uamuzi mgumu. Ina kioo kidogo kinachoonyesha kiwango cha sauti kwa usahihi, na kwa macho ya fundi ni bora, ila kwa hobi tofauti hiyo hutaisikia kwenye nyimbo zako kumi za kwanza. Ya tatu ni Behringer UMC202HD, kwa yule ambaye mfuko wake hauruhusu mbili za juu. Vitufe vyake ni vyepesi mkononi, lakini inarekodi safi. Afadhali hiyo pamoja na hedifoni nzuri kuliko kadi ghali na hedifoni za simu.

Maiki za USB zisizohitaji kadi zinafaa kwa anayesimulia au kufundisha. Kwa mwanamuziki nyingi ni njia isiyo na mbele: siku utakapotaka kuongeza gitaa au maiki ya pili, utaanza upya.

Tatu: maiki, sasa

Kama kofi lako lilitetemeka, au kuna barabara dirishani, au kuna watoto nyumba ya pili, nunua maiki ya dainamiki, ile isiyohitaji umeme na isiyo nyeti kama kondensa. Shure SM58 na ndugu yake SM57 zilitoka miaka ya 1960 na bado zinatengenezwa. Nguvu yake kwa chumba kibaya ni kwamba unaiweka karibu na mdomo, nayo haijali sana yaliyo mbali. Ukisogea kutoka sentimita 30 hadi 15, sauti yako inayofika moja kwa moja huongezeka kama desibeli 6, na mwangwi wa chumba unabaki palepale. Huko kusogea tu kumeokoa rekodi nyingi kuliko plagini yoyote (programu ndogo ya kurekebisha sauti). Kwa anayeimba zaidi nachagua SM58, kwa sababu kichwa chake cha wavu hupunguza mipasuko ya "p" na "b". Kwa mwenye gitaa na spika ya gitaa, SM57.

Ikiwa chumba chako kimetulia, kina godoro, mapazia mazito na zulia, basi kondensa inafaa na itakupa pumzi na uwazi ambao dainamiki haina. Hapo chaguo langu ni Rode NT1. Kelele yake yenyewe ni desibeli 4 tu, na kwa anayepiga gitaa la akustika polepole kwa vidole, huo ukimya nyuma ya noti ndio unaolipia maiki. Audio-Technica AT2020 inafuata. Kelele yake ni desibeli 20, ambayo kwa uimbaji wa sauti ya kawaida hutaisikia, lakini kwa gitaa la kunong'ona utaisikia.

Shure SM7B, ile inayoonekana kwenye kila podikasti, siipendekezi kuwa ya kwanza. Inataka geini ya takriban desibeli 60, na kadi nyingi za bei ya chini zikifika huko huanza kuvuma. Watu huinunua, kisha hulazimika kununua kikuzaji cha ziada, ilhali SM58 ingewatosheleza.

Usisahau vitu vidogo: stendi nzito isiyoyumba, waya wa XLR wa mita 3 hadi 5, na kichujio cha pumzi cha kitambaa. Stendi nyepesi itaangusha maiki yako siku moja, na siku hiyo itakuwa katikati ya rekodi nzuri kuliko zote.

Chumba chenyewe

Trei za mayai hazifanyi kazi. Ni nyepesi mno kuzuia sauti na nyembamba mno kuinyonya. Hata sponji za sentimita 2.5 zinazouzwa kwa ajili ya studio hunyonya sauti za juu tu na kuiacha besi kama ilivyo, na matokeo yake ni chumba kinachosikika kama kimefunikwa blanketi huku besi ikinguruma pembeni. Fremu za mbao zilizojazwa pamba ya mwamba (rockwool) ya unene wa sentimita 10 na kufunikwa kitambaa ndizo zinazoleta mabadiliko ya kweli, na mtu mwenye msumeno anaweza kuzitengeneza mwenyewe. Anza na nne. Kabla ya hapo, imba ukiwa umeligeuzia mgongo kabati lililo wazi na lenye nguo, huku maiki ikiwa mbele yako. Maiki hizi zote husikiliza zaidi upande wa mbele, kwa hiyo kinachorudi kutoka nyuma yako ndicho kinachoziingia.

Programu

Sitakaa sana hapa, kwa sababu zote zinarekodi vizuri. Mwenye Mac aanze na GarageBand, ni bure na inatosha mwaka mzima. Wengine waanze na Reaper: unaijaribu kamili kwa siku 60, ni nyepesi, na hufanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani. FL Studio ni ya kwanza kwa anayetengeneza midundo zaidi ya kurekodi, na ukishainunua unapata matoleo mapya bila malipo. Jaribio lake halikuruhusu kufungua tena kazi uliyoihifadhi, jambo linalowaumiza wasiolijua.

Vinavyoweza kusubiri

Kinanda cha MIDI, yaani kile kinachoziendesha ala zilizomo ndani ya kompyuta, cha vitufe 25 kinatosha kupanga besi na midundo. Ukiwa mpiga kinanda wa kweli, mikono miwili, usipoteze pesa kwenye 25, subiri upate 49 au 61.

Spika za studio naziweka mwisho kabisa, na hapa wengi watabishana nami. Yamaha HS5 ni spika nzuri sana, zinasema ukweli. Tatizo ni kwamba katika chumba chenye mita 3 kati ya kuta mbili, sauti ya karibu Hz 57 hujirudia na kujijaza yenyewe mahali pamoja, na kufifia hatua moja mbele. Hapo ndipo gitaa la besi linapoishi. Utaipunguza besi kwa sababu umekaa kwenye kona inakojaa, halafu wimbo utasikika mkavu kwenye gari. Zinunue baada ya zile fremu nne kuwa ukutani, uziweke zifanye pembetatu sawa na kichwa chako, na kabla ya kuziamini cheza wimbo unaoujua kwa moyo, ukisogeza kiti taratibu mbele na nyuma mpaka besi isikike kama unavyoikumbuka. Pale iliposikika hivyo, bandika utepe sakafuni chini ya kiti.