Kliniki ya majibu ya haraka na simu ya "njoo na ndugu yako"

Masika yalikuwa ndiyo kwanza yameanza nilipogusa uvimbe kwenye titi la kushoto nikiwa ninaoga, nikaenda katika kliniki ya uchunguzi wa haraka ya hospitali moja binafsi hapa Dar es Salaam. Na daktari sina ugomvi. Asubuhi ileile alinipapasa, akanipeleka ultrasaundi huku akinieleza kwamba kwa umri wangu wa miaka 34 nyama za titi bado zimeshikamana na mamografia, yaani picha ya eksirei ya titi, huweza kukosa kuona kitu, kisha akanichoma ganzi na kuchukua vinyama vitatu kwa sindano. Bango la mlangoni liliahidi majibu siku hiyohiyo, lakini yeye aliniambia bila kuzunguka kwamba kinyama hulowekwa kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa vipande vyembamba mno ndipo kisomwe, kwa hiyo nivumilie siku chache. Bango nililisamehe.

Nisichokisamehe ni simu. Siku ya nne au ya tano, jioni, alinipigia dada wa mapokezi: "Majibu yako yametoka. Njoo kesho saa nne, na uje na ndugu yako." Nikamwuliza kama ni mabaya. "Mimi siruhusiwi kusema," akajibu, akakata, na nilipopiga tena simu iliita hadi ikachoka. Aliyewahi kuuguza anajua mtu huambiwa lini aje na ndugu. Usiku ule nilichambua mchele ambao ulikuwa umekwisha kuchambuliwa, nikahesabu ada za watoto zilizobaki, na alfajiri mama yangu akapanda basi la kwanza kutoka Morogoro bila hata kunywa chai.

Daktari alifungua faili akasema ni fibroadenoma, uvimbe usio wa saratani. Mama akalia kwa sauti. Mimi nilirudi mapokezi kuuliza kwa nini nilitiwa hofu namna ile, na yule dada, macho yakiwa kwenye kompyuta, akanijibu: "Hilo tunamwambia kila mtu, mama. Ndio utaratibu."

Kila mtu! Huenda pana hekima ndani yake, kwa kuwa kama wangeambiwa waje na ndugu wale wenye majibu mabaya peke yao, simu yenyewe ingekuwa imekwisha kusema. Lakini basi tuambiwe siku ya sindano, kwa sentensi moja tu. Nilikusudia kuandika kwamba msikanyage pale. Halafu namkumbuka jirani yangu, aliyezungushwa kwa miezi kutoka zahanati hadi hospitali na kurudishwa, akafika Ocean Road, hospitali ya saratani, titi likiwa tayari na kidonda, na hasira yangu inapungua nguvu. Nendeni. Mimi mwenyewe nitarudi baada ya miezi sita kupimwa tena, ila kwenye faili nimeandika kwa mkono wangu kwamba simu ya majibu apigiwe mume wangu, ambaye usiku ule alikoroma hadi asubuhi.