Jeki na stendi: ununue nini kabla ya kuingia uvunguni mwa gari

Kazi ya jeki ni kuinua. Kulishikilia gari ukiwa umelala chini yake ni kazi ya stendi, yaani nguzo ya chuma yenye miguu minne. Karibu kila anayeniomba ushauri huanza na swali la jeki ipi ni nzuri, nami humrudisha nyuma: pesa ya kwanza iende kwenye stendi, itakayobaki ndiyo inunue jeki.

Sababu iko ndani ya jeki yenyewe. Jeki ya haidroliki hubeba gari juu ya oili iliyozuiwa na sili za mpira na valvu ndogo. Sili ikichoka, au punje ya uchafu ikikaa kwenye valvu, oili hupenya na gari huanza kushuka, na ukiitazama jeki kwa nje huoni kitu. Tena husimama juu ya eneo dogo, wakati kazi ya uvunguni ni kuvutana na nati zilizokwama.

Mimi ilinikuta kwenye nati ya bomba la egzosi. Imeota kutu, nimeingiza kichwa na mkono mmoja, spana ndefu naivuta kwa pembeni. Nikaona shingo ya jeki ya chupa, ile ya haidroliki inayosimama wima kama chupa, inaanza kulala. Nikajivuta. Gari likaangukia tairi nililokuwa nimelifungua na kulilaza chini ya kizingiti cha mlango. Rimu ikapinda, mimi nikatoka mzima. Hadi leo tairi nalilaza pale pale, hata stendi zikiwepo.

1. Jozi ya stendi

Ziko za aina mbili. Za meno zina nguzo inayopandishwa kwa mkono na ulimi wa chuma unaonasa kwenye meno. Hatua zake za urefu ni ndogo ndogo, na hilo linasaidia. Za pini zina nguzo yenye matundu, unapitisha pini nene kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mimi nachagua za pini, kwa sababu nikiinama tu naona kama imepita au haijapita. Ulimi haujionyeshi hivyo. Mwaka 2020 nchini Marekani, kampuni ya Harbor Freight iliwataka wateja warudishe stendi zake za meno zaidi ya milioni 1, baada ya kugundulika kwamba ulimi ungeweza kuachia huku gari likiwa juu. Baadhi ya stendi zilizotolewa kama mbadala nazo zikarudishwa kwa kasoro za kuchomelea. Ukipenda za meno, tafuta zenye pini ya ziada ya kufunga nguzo.

Dukani, igeuze stendi juu chini utazame mishono ya kuchomelea: isiwe na nyufa wala mapengo, na miguu yote minne ikae sawasawa sakafuni. Soma uwezo kwa makini, maana mara nyingi tani zilizoandikwa ni za jozi, si za stendi moja. Jozi ya tani 3 inalitosha gari dogo la tani moja na nusu. Kwa pikapu nzito panda hadi tani 6, lakini pima kwanza: stendi za tani 6 ni ndefu, na jeki isiyofika urefu huo haitakusaidia kuziingiza.

2. Jeki ya magurudumu

Hii ndiyo ya kuambatana na stendi. Chukua utepe, pima kutoka chini hadi sehemu ya kuinulia gari lako, kisha linganisha na kimo cha chini cha jeki. Nyingi huhitaji nafasi ya sentimita 13 hivi. Kwa gari la chini tafuta zinazoingia kwenye 8 au 9. Kama inaweza kujaribiwa chini ya gari kabla hujalipa, jaribu hasa kushusha: zungusha mpini taratibu uone kama gari linakuja kidogo kidogo. Inayoachia mzigo kwa mkupuo, iache hapo hapo.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni la sakafu. Mkono wa jeki hii hupanda kwa kuchora tao, kwa hiyo jeki lazima isogee kadiri gari linavyoinuka. Juu ya zege hujisogeza yenyewe. Juu ya udongo au kokoto magurudumu yake huzama, inakwama, na gari ndilo linalovutwa kando. Stendi nazo huzama, hata kwenye lami iliyopigwa na jua kali. Ubao mnene wa plaiwudi chini yake uhesabu kuwa sehemu ya manunuzi.

Kitabu cha gari kinaonyesha pa kuinulia. Kwa gari la umeme usibahatishe hata kidogo, kwani betri imetandazwa chini ya sakafu.

3. Rampu

Rampu ni ngazi ya mteremko unayoipandisha matairi. Kama kazi yako ni kubadilisha oili tu, inaweza hata kushika nafasi ya kwanza. Gari linasimama kwa matairi yake, hakuna cha kuteleza kichwani mwa jeki. Ila huwezi kufungua gurudumu, na gari lenye bampa la chini hugonga kabla halijapanda. Hilo linataka rampu ndefu. Kwenye sakafu laini rampu nyepesi za plastiki husukumwa mbele badala ya kupandwa, hivyo tafuta zenye mpira chini.

4. Jeki ya chupa

Ina nguvu kubwa kwa umbo dogo na inafaa magari yaliyoinuka juu. Kitako chake ni chembamba, na magari mengi madogo haiingii chini yake. Bila stendi, usiinunue kwa kazi hii.

5. Jeki ya mkasi iliyokuja na gari

Ni ya panchari. Iache kwenye buti.

Matofali hayamo katika orodha yoyote. Tofali hupasuka ghafla, bila dalili.

Ongeza kabari mbili za magurudumu. Katika magari mengi breki ya mkono hushika matairi ya nyuma peke yake. Ukiinua nyuma haina kazi tena, na kabari za mbele ndizo zinazozuia gari lisibiringike.

Gari likishakaa juu ya stendi, iache jeki iguse tu bila kubeba. Kisha simama pembeni ulisukume gari kwa nguvu ile ile utakayoitumia kwenye nati ngumu. Likicheza, lishushe uanze upya. Lisipocheza, lala chali uingie.